Samaki Mia Moja Ishirini na Saba

Mpaka leo, nikipita sokoni nikasikia harufu ya samaki wa moshi, najipangusa mdomo.

Kila nyumba kati ya nane za pale ufukweni ilileta samaki kumi na sita kwenye uchanja mmoja, na mjane jirani yetu ndiye aliyelinda moto. Asubuhi wakahesabiwa mia moja ishirini na saba, pungufu kwa mmoja. Mjomba akaitoa nyumba ya mjane katika hesabu, akagawa kwa saba: akabaki mmoja. Akagawa kwa sita: mmoja. Kwa tatu, kwa mbili: mmoja yuleyule, ametutumbulia macho.

"Mwizi anaacha hesabu yenye inagawanyika," akasema. "Hii haiko wizi. Iko bulozi."

Shuleni nilikuja kufundishwa kwamba namba ile haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, awepo mlozi asiwepo.

Wakaichoma nyumba ya mjane. Akaishika njia ya Mununga, kikapu kichwani, akanikuta nalia kando ya njia. Akainama, akanifuta mafuta ya samaki mdomoni kwa pindo la kitenge chake.

"Nyamaza, mutoto yangu," akasema.

Nikanyamaza.