Ndoo Iliyobaki Mbele ya Foleni

Mkitaka kunicheka nichekeni, lakini ndoo bado ipo, na watu wa mtaa wetu wa Lizaboni wanaiona kila wakija kusaga. Mimi sikusoma sana, na kuandika programu kwa JavaScript nimejifunzia kwenye video. Huenda kosa ni langu. Nitasema nilivyoona, nyie mpime.

Pale kwenye mashine ya kusaga watu hupanga ndoo za mahindi, kisha hurudi nyumbani kusubiri zamu. Nikawatengenezea ukurasa wa foleni wa kwenye simu, kwa websoketi, yaani njia inayobaki wazi kati ya kompyuta yangu na simu zao. Nikigusa jina huku, simu zote zinabadilika papo hapo. Na kwa kuwa mwenye msiba kwetu hapangi foleni, nikamwekea kitufe chake. Ukikibonyeza, jina linaruka juu kabisa, jekundu.

Jioni moja ya Juni, baridi yetu mnaijua, akaja bibi mmoja na ndoo kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi sina simu. Niandike, nina msiba."

"Pole sana. Msiba wa wapi?"

"Kwa Mama Tumaini. Nimetoka Namasakata, nije kuwasagia unga wa matanga."

Mama Tumaini ni jirani yangu, na mchana nilimwona akifua. Hapo si ningeuliza nani kafa? Sikuuliza. Mwenye msiba hahojiwi. Nikaandika jina la Mama Tumaini, nikabonyeza.

Haule, msagaji wetu, akachungulia simu yake, akazima mashine. "We fundi mtandao, hii kweli au ndio utundu wako?"

Kabla sijamjibu, simu yangu ikaita. Mama Tumaini, yuko sokoni, ukurasa ameuona.

"Kaka, kwangu kafa nani? Nimemwacha mtoto amelala!"

"Kimbia nyumbani!" nikasema, na mimi nikakimbia.

Tulifika karibu pamoja. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka chumbani, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi. Mtoto amelegea kama kitambaa. Tukamtoa nje, mama anamwita, anamwita, mpaka akakohoa, akalia. Hospitali walisema tumewahi.

Niliporudi kwenye mashine, bibi hayupo. Ndoo ipo. Haule anaapa hakumwona mtu. Anasema alidhani naongea na simu. Nisimwonee, pale ndani vumbi la unga ni jingi. Na labda bibi alikosea nyumba. Ila tuliuliza Lizaboni nzima, hakukuwa na msiba, na Mama Tumaini hana ndugu Namasakata.

Nikalifuta jina. Likarudi. Nikaandika programu upya, jioni ya baridi likarudi tena, juu kabisa, jekundu. Niamini, sijaligusa. Haule hathubutu kuyasaga yale mahindi, wala kuyamwaga. Wateja wanaizunguka ile ndoo.

Mama Tumaini amemwombea bibi misa ya shukrani. Hata hivyo kila jioni ananipigia: "Kaka, limerudi?" Likiwa limerudi, halali.

Siwezi kuwaambia msimwandike mtu kabla ya kumhoji. Ningemhoji yule, mtoto angekufa. Nawaambia tu, jiko la mkaa lisilale ndani, na ukiona jina la nyumba yako limewekwa mbele, usikae kubishana, kimbia.

Wenzangu wanasema bibi alikuja kutuonya. Natamani iwe hivyo. Lakini kama kazi yake iliisha, mbona ndoo hajaifuata? Mimi naogopa alikuja kusaga kweli, ila aliwahi kabla ya msiba wenyewe.