Kumfuata Shabani hadi Mbuchi kwa Kosa la Maegesho

Pikapu yangu ilifungwa mnyororo gurudumu, nami nilikuwa nakula kwa pikapu hiyo. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, magari yaliyotumika yakiingia Dar kila siku, na mji ukaanza kuwabana wanaoegesha ovyo. Karani wa maegesho wa jiji alinionyesha nakala za notisi tatu za kuegesha vibaya Kariakoo ambazo sikuwahi kuziona. Nikamweleza kuwa siku hizo tulikuwa na msiba wa baba mdogo, na gari alilichukua binamu yangu Shabani.

"Kadi ya gari ina jina lako," alisema. "Mlete huyo Shabani akiri mwenyewe, mwisho Ijumaa. La sivyo mahakamani unakwenda wewe, na gari linabaki hapa."

Jumanne alfajiri nilipanda basi la kusini kumfuata kwao Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji. Barabara ilikuwa mchanga na mashimo, tukafika Kibiti mchana nikiwa nimekasirika kuliko nilivyoondoka. Kwetu binamu ni mtani, na msibani mtani huchukua atakacho bila kuulizwa. Lakini gari? Njia nzima nilikuwa nikimgombeza kimoyomoyo.

Nyamisati, kwenye gati la kuvukia deltani, nilifika jioni, juu ya lori lililokwenda kuchukua boriti za mikoko. Nikalala kwa mwenyeji mmoja, na asubuhi maji yalipojaa nikapata mtumbwi wa mashine hadi Mbuchi.

Shabani nilimkuta shambani, akiamia ndege wasimalize mpunga.

"Mtani! Umekuja kunizika?"

Nikampa zile nakala. Alizigeuzageuza.

"Kumbe ndizo hizi? Nilizikuta zimebanwa kwenye kioo, nikajua matangazo ya duka. Siku hizi si kila mtu anauza? Nikazitupa."

"Gari langu limefungwa, Shabani."

Akaacha kucheka. "Basi twende. Nimekosa mimi, nitasema mimi."

Alioga, akavaa kanzu, na shangazi, mama yake, akatufungia mkate wa kumimina. Hasira zangu ziliisha palepale.

Jioni tulikuwa tumerudi Nyamisati, tunangoja lori. Nikamuuliza kama amebeba leseni.

"Leseni gani?"

"Ya udereva, Shabani!"

"Mie nimejifunzia trekta la ushirika, leseni sina. Kwani wewe uliniuliza? Ufunguo niliuchukua mbele ya macho yako, ukacheka."

Ni kweli, nilicheka. Nikakaa juu ya boriti. Akikiri mbele ya karani atatoka pale na kosa kubwa kuliko la kuegesha, pengine afungwe, na mpunga wa shangazi uishie kwa ndege. Nikamwambia arudi kwao. Alibisha sana, amesimama topeni na kanzu yake nyeupe, mpaka nikamkumbusha kwamba mama yake hana mwingine wa kumsaidia shambani. Akaingia mtumbwini bila kunitania.

Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya karani, peke yangu.

"Yuko wapi aliyeegesha?"

"Ni mimi," nikasema.

Alinitazama kidogo, kisha akaandika jina lilelile lililokuwa kwenye kadi. Nilikwenda hadi Mbuchi kumtafuta mwenye kosa, kumbe aliyeliacha gari litoke bila kuuliza leseni ni mimi. Kwa kuwa nimekiri, nililipa faini palepale, gari likafunguliwa, na sikuona uchungu.