Zamu Yangu Ilikuwa "Sisi"

Majina siandiki. Ninaowalaumu ni watatu, wote wako hai, na watoto wao sijagombana nao. Lakini nitawataja kwa kazi zao, na wakisomewa haya watajijua: mume wa binti yangu, mkalimani wa simu, na mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa akitengeneza simu nyuma ya soko hapa Garissa.

Mimi ni mtu wa Kutulo, kule kaskazini. Shule niliachia darasa la tatu. Ukame ulimaliza ngamia wetu, ukamalizia na mbuzi, na katika nyumba yangu ukachukua zaidi ya mifugo. Nikashuka Garissa na mtoto mmoja, kwa sababu ndiye aliyebaki. Nikauza maziwa ya ngamia wa watu wengine. Mtoto huyo alikua, akaolewa na kijana wa kambi za Dadaab, kijana akapata safari ya kwenda kuishi Ufaransa, wakaenda wote wawili. Siku hiyo nilichinja mbuzi. Wallahi nilichinja, tukala tukicheka.

Huko, mume akamwacha na mimba. Huyo ndiye wa kwanza. Hakufa, hakufungwa. Alihamia mji mwingine akabadilisha namba, basi. Binti yangu alijifungua peke yake, na alipojifungua, akili ikaanza kumtoka. Kwenye simu alikuwa ananiambia, "Hooyo, mama yangu, mtoto huyu analia kwa lugha yao." Baadaye akawa hasemi kitu, namsikia anapumua tu. Wakamlaza hospitali. Mtoto, mvulana ambaye hata jino hajaota, serikali ikamchukua ikampa mama mmoja wa Kizungu amlee.

Ilibaki njia moja. Ofisi yao ya watoto ilisema kwamba kama kuna bibi, wataongea naye, na wakiridhika naye mtoto ataletwa akae kwake mpaka mama yake apone. Bibi ni mimi. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nauza maziwa bila kuona ninammiminia nani.

Mara ya kwanza walinipigia wakiwa na mkalimani, Msomali mwenzetu anayeishi huko. Waliuliza mimi ni nani na nyumba yangu ikoje. Nilijibu kwa pumzi zangu zote. Nikawaeleza watoto niliowalea, niliowazika, chumba nilicho nacho, mwarobaini ulio uani, maziwa yasiyokosekana. Nilipomaliza, yule bwana aliwaambia maneno kama manne hivi kwa Kifaransa, basi.

Nikamwambia, "Walaal, ndugu yangu, ni hayo tu?"

"Habaryar, hawa watu hawapendi marefu."

Aliniita mama mdogo, na huku nilimsikia akipiga miayo. Huyo ndiye wa pili. Siku ile ile niliapa kwamba wakinipigia tena, sitatafsiriwa na mtu. Nitasema mwenyewe.

Sasa Garissa utapata wapi Kifaransa? Jirani yangu, muuza maziwa kama mimi, mwanamke asiyekosa neno mdomoni, akanikumbusha yule fundi wa simu aliyetoka Djibouti. Yeye alisomeshwa na Wafaransa. Tukamwendea pamoja. Alisikiliza habari ya mtoto, akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Mama, utaongea na watu wa sheria. Watu wa sheria hawazungumzi Kifaransa cha sokoni. Nitakupa Kifaransa cha mahakimu." Tena akasema nisikubali mkalimani, maana mtu anayejisemea anaheshimiwa. Nilimwamini. Ningemwamini hata angesema Kifaransa hufundishwa kwa kupigwa viboko.

Tukawa wanafunzi sita, kila mmoja na haja yake. Tulikuwa tunakaa kwenye mkeka chini ya mabati, jasho linatiririka, yeye anaandika kwa chaki kwenye mlango wa duka. Kitu alichotufundisha kilikuwa ni vitenzi, na namna moja tu ya vitenzi. *Que je fusse, que tu fusses, qu'il fût.* Mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao.

"Maana yake nini, mwalimu?" nikauliza.

"Hii ni ya kutamani jambo ambalo wakati wake umeshapita."

Jirani yangu akaguna. "Hilo mbona tunalijua hata bila Kifaransa?"

Tukacheka. Hata mwalimu alicheka, kisha akatukemea kuhusu ndimi zetu. "Neno la 'ninyi' si *fu*, ni *vu*! Nyinyi watu, kila v mnaigeuza f! Mzungu atafikiri mnapuliza chai."

Wengi wetu kusoma kwa macho kulikuwa kazi. Ndipo jirani yangu akatoa wazo, na wote tukaliona zuri: tufanye kama subac. Subac ni kisomo chetu cha duara. Watu huketi mviringo bila msahafu, wa kwanza anasoma aya moja, wa pili anadaka inayofuata, inaenda hivyo hivyo mpaka juzuu inaisha. Ukikwama, duara lote linakugeukia. Nimelelewa katika hiyo. Kitu nilichokisoma kwa duara hakinitoki mpaka kaburini.

Basi tukaanza. Wa kwanza anasema *ke ju fus*, wa pili *ke tu fus*, jirani yangu, aliyekaa kushoto kwangu, anasema *kil fu*, na mimi nadaka, *ke nu fusiyon!* Halafu *ke vu fusiye*, halafu *kil fus*. Tunaingia kitenzi kingine, na kingine. Mwendo ulikuwa mtamu, unaweza kuupigia makofi. Watu waliokuja kutengenezewa simu walisimama mlangoni wakatuona wasomi. Jirani akanitania, "Naa, wewe ndiye *sisi*. Sote tuko ndani yako. Usituangushe."

Hapa ndipo tulipopotea. Kwenye subac, hesabu ya aya hailingani na hesabu ya watu, kwa hiyo leo unapata aya hii, kesho inakuangukia nyingine, na ni lazima uijue juzuu nzima. Sisi tulikuwa sita, na nafsi za kitenzi ni sita. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha mkeka, hakuhama. Duara lilizunguka na kuzunguka, na kila lilipofika kwangu lilinikuta pale pale, kwenye *sisi*. Hakuna aliyeona. Mwalimu angeona, lakini mwalimu alikuwa ameinamia simu za watu. Duara lilikuwa linajifundisha lenyewe, na yeye akaliacha.

Siku ya mazungumzo ikafika, safari hii kwa picha. Shirika moja hapa mjini lilitukubalia chumba chenye kompyuta. Nilivaa guntino mpya. Tulikwenda sote sita, tumekubaliana: wao watakaa nyuma yangu wanianzishie, na mimi nidake. Mlangoni kijana wa ofisi, mtu wa Nairobi, akatuzuia.

"Mama, wamesema uingie peke yako. Ni mambo ya mtoto, ya siri."

"Hawa ni watu wangu."

"Najua, mama. Lakini ni peke yako. Na mkalimani ulimkataa, sivyo?"

"Nitasema mwenyewe."

Alinitazama kwa heshima, maskini. Akanikalisha, akafunga mlango.

Kwenye kioo akatokea mwanamke wa makamo, nywele fupi, uso wa mtu asiyekuwa na ubaya. Akanisalimu. Salamu niliijua, nikairudisha, akafurahi sana. Kisha akauliza kitu. Kirefu, polepole, anainua kidole kila neno kama anamlisha mtoto. Nikafungua kinywa. Nikasubiri *kil fu* ya kushoto kwangu.

Haikuja. Kushoto kwangu kulikuwa na kabati la chuma.

Nikajaribu kuanza mwanzo, *ke ju*, na mbele yake hapakuwa na kitu, kwa sababu mwanzo haukuwa wangu, ulikuwa wa mtu mwingine. Mwanamke akangoja. Nikasema ninachokijua. *Ke nu fusiyon.* Akainamisha kichwa, akatabasamu kama mtu anayetaka kusaidia. Akauliza tena. *Ke nu zusiyon*, nikasema. *Ke nu vansiyon.* Nilisema vitenzi vyote, kimoja baada ya kingine, kwa mwendo wetu ule ule, na kila kimoja kilikuwa sahihi, na nilimwona tabasamu linampungua. Akaandika kitu.

Ndipo nikamwaga Kisomali. Nilimwambia nipe mtoto wangu. Nilimwambia nyumba ipo, maziwa yapo, kivuli kipo, na mikono hii imeshika watoto watatu wakifa kwa njaa na haikumwachia hata mmoja, waliondoka wenyewe. Nililia, nikapiga meza. Yule mwanamke akasogea nyuma kwenye kiti chake. Kijana akaingia mbio, wakasemezana Kiingereza.

"Anasema atapanga siku nyingine, mkalimani awepo," akaniambia. "Mama, tulia. Atapanga."

Nje wenzangu waliniuliza nimesema nini. Nikasema, "Yangu." Jirani yangu alielewa kabla ya wengine, akajifunika uso kwa mtandio. Yeye pia alikuwa na yake moja tu.

Siku nyingine haikupangwa. Nilikwenda ofisini kwa yule kijana mpaka akaanza kuona haya kuniona.

Kwa mwalimu nilikwenda pia. Nilimkuta na bisibisi mkononi. Nikamwuliza kwa nini hakunifundisha kusema jina langu ni fulani, mimi ni bibi yake, nina nyumba, nampenda.

"Hayo ni mambo ya watoto, mama," akasema. "Hili ndilo gumu. Shuleni kwetu mimi pekee ndiye niliyelimudu. Walinipigia makofi darasa zima."

Aliyasema bila kunidharau. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alinipa kile kilichompa yeye makofi, akaona amenitendea wema. Huyo ndiye wa tatu, na sijamsamehe.

Habari niliipata kwa binti yangu mwenyewe. Alipiga kutoka hospitali, sauti yake nzito ya dawa.

"Hooyo, wameamua. Mtoto atabaki kwa yule mama. Wanasema bibi ana huzuni nyingi na hakuelewa maswali."

"Nilijua walichotaka kujua. Sikuwa na majibu kwa lugha yao."

"Wanasema nikipona mimi, nitarudishiwa."

"Daktari anasemaje?"

Nikasikia viatu vya watu wakipita huko aliko, na mlango.

Nilitafuta neno la kumpa. Dua nilishamwombea zote, na lawama zangu hazikuwa na kazi kwake. Mtoto alikuwa amebakiwa na mlango mmoja, nao ni huyu mgonjwa aliyeshika simu.

"Basi pona," nikamwambia. "Umesikia? Pona haraka."

"Haye, hooyo," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitikia nikimtuma dukani, na sikujua kama alikuwa ameelewa nimemtuma nini.