Mbuzi ya Mama Katika Ukumbi wa Baraza

Kwaru, kwaru, kwaru. Kila nikisikia nazi ikikunwa, akili yangu haiendi jikoni. Inakwenda kwenye dari lenye nakshi za dhahabu, na picha za mameya wa zamani wakinikodolea macho.

Nilikuwa na miaka tisa. Jengo kuukuu la baraza la mji, hapa Walthamstow, Uingereza, lilikuwa limekarabatiwa kuwa makumbusho ya mtaa, na wakazi wakaombwa walete vitu vya nyumbani. Mama alitoa mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyotoka nayo Tanga. Fomu ya Kiingereza nilijaza mimi, kama fomu zote za nyumbani. Sikufichi, msomaji: niliona haya kueleza kwamba kwetu tunakalia kigoda chenye meno. Nikaandika kuwa ni kigoda cha kuwekea kitabu.

Siku ya ufunguzi tuliikuta mbuzi juu ya mahameli. Imebebeshwa kitabu cha sala, na kile chuma chenye meno kimebana kurasa! Mama akaitazama, akanitazama.

"Fomu ilijazwa na nani?" msimamizi wa makumbusho akauliza Mama alipomweleza kosa.

"Mimi," Mama akajibu kabla sijafumbua mdomo. Kisha akanigeukia: "Kimbia sokoni ulete nazi. Itikise kwanza, usiniletee isiyo na maji!"

Niliporudi nikihema, msimamizi alikuwa ameshaondoa kitabu. Mama akaipasua nazi kwenye ngazi ya mawe, akaikalia mbuzi kiupande, akaanza. Watu wakasogea kumtazama.

"Dada, polepole, usifike kwenye kifuu!" akaonya mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa.

"Kaka, wewe umekuna nazi lini? Si ulikuwa ukitengewa wali mezani?"

Mzee akacheka kwanza, kisha watu wote. Makofi yakalipuka hadi madirisha yakatetemeka.

Msimamizi akaleta kadi mpya. Mama akanitia kalamu mkononi. "Andika. Kosa si kukosea, kosa ni kurudia." Nikaandika kwa herufi kubwa, MBUZI YA KUKUNIA NAZI, na chini yake nikaeleza kwa Kiingereza namna ya kuikalia, bila kuficha hata jino moja.

Kwa miaka mingi niliamini kalamu ile ilikuwa adhabu. Nimekuja kuelewa nilipopata wangu wa kulea: Mama alibeba kosa langu mbele ya watu, halafu ushindi wake akaniachia niuandike kwa mkono wangu.