Mlowezi Mwanaima

Mwanaima binti Hamisi alizungumza na maiti kwa miaka thelathini, na hakuna hata mmoja aliyemjibu kwa ukali. "Geuka mama, geuka kidogo, tumalize," ndivyo alivyokuwa akiwaambia huku mkono mmoja ukishika bega na mwingine ukimimina maji. Maji ya kwanza ya majani ya mkunazi, ya pili matupu, ya mwisho ya kafuri. Kijiji cha Nangongo, upande wa Pande, kilikuwa na watu wa ulimi mrefu na wachoyo wa kuazimana chumvi, lakini hakuna mwanamke wa pale aliyezikwa bila kupita mikononi mwake. Hata waliomsengenya walijua mwisho wao ni kitandani pake.

Watoto wa mjini waliokuja likizo walimtania, "Bibi, mwosha huoshwa." Naye hakuchukia. "Nitaoshwa," alijibu, "na nitalazwa na Esha wangu. Nafasi yangu nimeshaipima kwa hatua."

Esha alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikufa mwaka themanini na saba akiwa na miaka tisa, malaria ilipompanda kichwani. Aliyempigania katika hospitali ya mkoa kule Lindi alikuwa daktari Mpalestina, kijana mwembamba aitwaye Samiri. Wapalestina walikuwa wachache tu pwani hii, walioletwa na urafiki wa serikali za wakati ule. Dripu zilikuwa zimekwisha hospitalini. Daktari akatoka mwenyewe kwenda kuzitafuta misheni na kwenye maduka ya Wahindi, akarudi na mbili, na mtoto akafa ya pili ikiwa nusu.

Samiri hakuishia mlangoni mwa wodi kama madaktari wengine. Alipanda lori pamoja na maiti mpaka Nangongo, akatupa udongo wake kaburini, akakaa matanga siku tatu. Siku ya mwisho akamwendea mfiwa barazani.

"Mama Esha," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "usinione mkatili kwa neno hili. Wewe una kaburi. Unaweza kuamka kesho ukaenda kulifagia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili askari walipotutoa kijijini kwetu. Baba yangu amelala pale. Mama yangu yuko kambini, mwendo wa nusu siku tu kwa miguu, na mpaka leo hajaruhusiwa kwenda kumsomea Fatiha."

"Nani anamkataza?"

"Mwenye bunduki. Na juu ya makaburi wamejenga nyumba. Redio yenu huwaita watu wale walowezi."

Mwanaima alifikiri, kisha akatikisa kichwa. "Daktari, hapo redio imekosea. Kulowea si jambo baya. Bibi wa bibi yangu alikuja hapa kutoka Songo Mnara, akaolewa, akalowea. Mtu akilowea ndiyo kwao tena, hatoki."

Samiri alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Basi lugha yenu ina huruma kuliko dunia," alisema.

Mwaka tisini na nne akaaga. Huko kwao walikuwa wameambiwa amani imefika, na mtu aliyenyimwa kwao tangu utotoni akiambiwa njoo, haulizi mara mbili. Alimwachia Kurbanali, mwenye duka la Kilwa Masoko ambaye walikuwa wakinywa chai pamoja, anwani ya mama yake, akaenda zake.

Hapa kwetu nako kulikuwa na neno jipya, mwekezaji. Zamani tulifundishwa kumwogopa mnyonyaji. Sasa mnyonyaji alikuwa amenyoa ndevu, amebadilisha jina, na viongozi walewale waliotufundisha kumwogopa ndio walikuwa wanamfungulia mlango wa gari. Mwaka tisini na nane alifika Nangongo akiwa na ramani. Alitaka ufuo wote na mikoko yake achimbe mabwawa ya kufuga kamba wa kuuzwa Ulaya. Mkubwa mmoja wa wilaya akasimama mbele ya watu akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watu wakapiga makofi, maana methali ni ya babu zao, hawakujua imekwisha kuuzwa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Likwata, binamu yake Mwanaima, mtoto wa mama mdogo. Huyu Likwata aliota bati juu ya paa lake na pikipiki uani kabla hata mkutano haujaitishwa. Tume ilipokuja kusikiliza wenye ardhi, ni yeye aliyeshauri waitwe wazee watatu tu, na Mwanaima akiwa mmoja wao, kwa kuwa anaheshimika.

Karani wa tume, kijana mwenye shati jeupe, akauliza, "Bibi, ninyi hapa mlifikaje?"

Mwanaima alijiweka sawa. Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa fahari yake. "Sisi hapa tumelowea, mwanangu," alisema. "Tangu bibi wa bibi yangu, tumelowea. Hatung'oki tena."

"Mmelowea," alirudia karani, akiandika.

"Tumelowea kabisa."

Likwata alikuwapo. Yeye ni mtu wa hapo hapo, alijua neno lile mdomoni mwa binamu yake lina maana gani, na aliona alichokuwa akiandika karani. Akatazama viatu vyake. Viatu vilikuwa vipya.

Uamuzi ulibandikwa kwenye mlango wa ghala. Kwa kuwa wakazi wamekiri wenyewe kwamba ni walowezi waliotoka kwingineko, hawana haki ya asili juu ya ardhi hii, na wataondolewa. Mwalimu mmoja aliwasomea. Mwanaima akamwomba arudie, akarudia. Akasimama pale muda mrefu akitazama karatasi asiyoweza kuisoma. Kule kwa Samiri, anayekaa juu ya makaburi ya watu ndiye mlowezi. Kwetu huyo huitwa mwekezaji, na mlowezi ukawa wewe uliyezaliwa hapo. Mwenye nguvu akishakuchukulia shamba hatosheki, hukuchukulia na neno lako akupigie nalo.

Siku tingatinga lilipokuja, Mwanaima alikuwa kazini. Bibi mmoja mtaa wa chini alikuwa amefariki alfajiri, na yeye na Somoe, mwanamke aliyekuwa akifundishwa naye kuosha, walikuwa wamemlaza kitandani, maji ya mkunazi yamekwisha kumiminwa. Wakasikia nyumba ya pili inaanguka. Askari akapiga hodi ukutani kwa rungu.

"Humo ndani tokeni."

"Tuna maiti," alijibu Mwanaima.

Askari wakashauriana. Kisha sauti ikarudi. "Malizeni upesi. Dakika kumi."

Wakaendelea. Ukuta wa jirani ulipoanguka, vumbi la udongo na chokaa likaingia kwa juu ya kuta kama moshi, likamwagikia maiti na ndoo zote mbili. Maiti iliyooshwa ikawa chafu kuliko ilivyokuwa kabla haijaguswa. Mwanaima alitazama ndoo za tope, akatazama mlangoni. Somoe alianza kulia.

"Usimlilie juu yake," Mwanaima alimwambia. "Kachote maji mengine."

"Kisima wameshakifukia, bibi."

Kwa hiyo alimfuta kwa khanga yake mwenyewe, kavu, kiungo kwa kiungo, akimwomba radhi. "Nisamehe, mama. Nisamehe. Geuka." Huyo ndiye wa mwisho kuzikwa makaburi ya Nangongo. Walipotoka naye, kitanda cha kuoshea kilibaki ndani, na tingatinga likapita juu yake.

Watu walitupwa ng'ambo ya barabara, magharibi, kwenye ardhi ya mawe isiyo na kivuli. Vijana waliokuwa na redio wakapaita Palestina. Lilianza kama mzaha, maana vijana wetu hawana msiba wasioutania, lakini jina likakaa, na hata makondakta wa mabasi ya Lindi wakawa wanaita, "Palestina mshuke." Visima viwili vilichimbwa, vyote vikatoa maji ya chumvi, kwa sababu mabwawa ya kamba yalikuwa yameisukuma bahari chini ya ardhi. Makaburi yalibaki ndani ya uzio wa waya. Aliyetaka kuzuru aliandika ombi, likaenda Dar es Salaam, likarudi likitaka. Kwa miaka mitatu Mwanaima aliingia mara mbili. Siku zilizobaki alisimama nje, akashika waya, akasoma Fatiha yake kutokea hapo. Kaburi la Esha alilihesabu kuwa hatua arobaini kutoka kwenye waya.

Mlinzi wa lango alikuwa Ignasi, mtu wa Rondo mwenye watoto wanne, asiye na ubaya. "Shikamoo bibi," alimsalimu kila mara.

"Marahaba, baba. Leo?"

"Leo pia hapana, bibi. Mimi nimewekwa tu."

Katikati ya mwaka elfu mbili na mbili Kurbanali alimtumia salamu aje Masoko. Barua ya Samiri ilikuwa imefika, imechakaa kwa kufunguliwa njiani. Kurbanali akavaa miwani akaanza kusoma, akikitafsiri Kiingereza pole pole.

Samiri aliandika kwamba vifaru viliingia kambini, watu wakafungiwa ndani siku kumi na moja. Nyumba ya jirani askari waliibomoa watu wakiwa bado wanatafutana. Mama yake alibanwa na moyo. Samiri, daktari, alikuwa upande wa pili wa kizuizi cha askari, katika hospitali alikokuwa anafanya kazi. Mpwa wake alimpakia bibi kwenye mkokoteni akamfikisha kizuizini. Askari wakasema wasubiri amri. Samiri aliwaona kwa macho, umbali wa kiwanja cha mpira. Alipiga kelele kuwa yeye ni daktari na yule ni mama yake. Wakamwelekezea bunduki, akakaa chini barabarani. Walisubiri tangu asubuhi mpaka alasiri, na mama yake akafia juu ya mkokoteni, na amri haikuja.

Kurbanali alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Alioshwa na nani?" Mwanaima aliuliza.

Kurbanali aliigeuza karatasi nyuma na mbele. "Hakuandika, Bi Mwanaima."

"Tazama vizuri. Mtu haachi kuandika jambo kama hilo."

"Halimo."

Ijumaa ile wanaume wa Palestina yetu walimsalia sala ya ghaibu mama yake Samiri, mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wao aliyejua jina lake. Mwanaima alilia waziwazi, kuliko alivyomlilia hata Esha, na hakujificha. Alilia kwa sababu alikuwa amekielewa kitu. Miaka yote alidhani daktari alimsimulia habari za kwao. Kumbe alikuwa anamsimulia habari za Nangongo, kabla hazijafika.

Kesho yake alirudi kwa Kurbanali amwandikie ombi la mwisho. Hakutaka tena kuzuru, alitaka siku yake ikifika azikwe na mwanawe. Fomu ya kampuni ilikuwa na nafasi moja tu, ya kuingia. Kurbanali akaandika maelezo pembeni, kwa mwandiko mzuri, mstari kwa mstari. Penye hadhi ya mwombaji, fomu ilikuwa imeshapigwa chapa, neno moja kwa watu wote wa Palestina. Mlowezi.

Miezi mitatu ikapita. Kifua kikamkamata wakati wa vuli, kikamchukua Jumatano asubuhi. Somoe ndiye aliyemwosha. Maji yalikuwa yale ya chumvi, sabuni ikakataa kutoa povu, na Somoe alisugua huku akimwambia, "Geuka mama, geuka kidogo," kama alivyofundishwa. Mwosha akaoshwa, lakini hakutakata kama alivyowatakatisha wenzake.

Wanaume walibeba jeneza mpaka langoni. Ignasi alivua kofia, akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina.

"Hayumo," alisema.

"Huyu ni maiti, Ignasi," mmoja alimwambia. "Maiti ataiba kamba?"

"Nikifungua, kesho yuko mwingine hapa, na yeye hatafungua. Nina watoto wanne."

Likwata akaja kwa pikipiki. Siku hizi yeye ndiye msemaji wa kampuni kwa wenyeji. Alisalimia kila mtu, akaweka mkono kifuani, akasema marehemu ni damu yake na hakuna anayeumia kuliko yeye, lakini taratibu ni taratibu, Dar es Salaam hawajajibu, na jua nalo halingoji. Kisha, Mungu ni shahidi, akapanga safu, akasimama ya mbele, akamsalia pamoja nao.

Walimzika nje ya waya, kando ya mtaro. Hatua arobaini kutoka kwa Esha, alizozihesabu mwenyewe akiwa hai.

Siku ya tatu ya matanga Ignasi alikuja na bahasha kutoka ofisini. Somoe hakujua kusoma, akamwomba asome yeye. Mlinzi akasoma akiwa amesimama, wanawake wamekaa mkekani.

"Ombi la mlowezi Mwanaima binti Hamisi limekubaliwa. Ataingia siku moja, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano. Saa tano atoke, na asiache kitu chochote ndani."

Somoe aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pindo la khanga, akamwambia Ignasi akae ale wali, kwa kuwa ametembea juani.