Kaseti ya Method

Usiku ule nililala na kaseti ya Method chini ya mto, maana mtaa mzima wa kwetu Morogoro ulijua, nami nilijua kuliko mtaa, kwamba mtu akitunga mchezo wa kompyuta pumzi yake hubaki kwenye utepe. Ndiyo maana kaseti ya mchezo ukiitia kwenye redio inapiga ukelele: ni mtunzi anaita. Na akishakufa, siku mashine itakapousoma mchezo wake, inammeza mazima.

Method alikuwa rafiki yangu wa shule ya jioni. Dada yake, Gaudensia, alirudi kutoka masomoni ng'ambo na kompyuta ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni, basi sisi wawili tukawa mabingwa wa Afrika nzima, na visiwa vyake. Method akatunga mchezo mmoja: kuku ni herufi K, mahindi ni nukta, mwewe ni X. Akauhifadhi kwenye kaseti, kama ilivyokuwa siku hizo, akanipa nimtunzie. Kisha malaria ikampanda kichwani.

Baada ya arobaini Gaudensia aliiomba kaseti, mama yao aone kazi ya mwanawe. Nikakataa. Nilikuwa naiweka kwenye redio, nasikiliza ule ukelele, namwitikia.

Katika ndoto niliingia darasani kwetu, na darasa likawa ua wa mama yao. Chini palitapakaa nukta za mahindi, nyeupe, zimejipanga mistari. Method alikuwa amechuchumaa, amevaa shati lile tulilomzika nalo. Nikataka kumtania, nimuulize kama na huko umeme unakatika.

Sasa mama yake anatoka jikoni. Anapita katikati yetu, hamwoni. Anaokota nukta mojamoja, anatia kwenye pindo la khanga. Method ananyoosha mkono amshike bega, mkono unaishia hewani. Ananigeukia.

"Kuku yule ni wa mama," anasema. "Mpe acheze."

Kivuli cha mwewe kinapita juu yetu. Namdaka shati, nashika hewa. Nikaamka nimekumbatia mto, umelowa chapachapa.

Asubuhi nikapeleka kaseti. Mama yao alikuwa ameshaketi kwenye kigoda mbele ya televisheni, mikono magotini, kama anayesubiri kuitwa. Gaudensia akachomeka waya kutoka redio hadi kompyuta, akabonyeza redio. Ukelele ulipoanza nilimshika mkono, nikamsihi azime, nikamweleza yote, pumzi, kumezwa, kila kitu. Nilijua atanicheka. Siku zote ananiambia mimi natia chumvi hadi kwenye chai.

Hakucheka. Aliutoa mkono wangu taratibu, akaacha kaseti izunguke.

"Hizo ni herufi alizoandika, mdogo wangu. Zimegeuzwa sauti ili mashine izisome. Method hayumo humo. Method alikufa, tukamzika."