Niulize Kama Wengine

Kuna kijana nilimfundisha hesabu darasa la tatu kule Masakta. Akikosea nilimwambia neno moja tu, "Rudia," naye anarudia huku machozi yanamtoka. Miaka ikapita. Siku nilipokwenda chuoni Katesh kusomea stashahada, naingia chumba cha kompyuta, nani yuko mbele anafundisha kalkulasi? Ni yeye! Akasimamisha somo, akainamisha kichwa: "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Darasa likacheka, nami nikajiona malkia.

Tulisomea kwenye programu. Unaandika fomula, mstari unajichora wenyewe, unapanda na kushuka kama nundu ya ng'ombe. Ukiburuta nukta juu yake, kompyuta inakuandikia mteremko wa pale ilipo, yaani mstari unapanda au unashuka kwa ukali gani. Wenzangu, watoto tupu, aliwabana kweli kweli: "Kabla hujabofya, sema itatoa ngapi. Kwa nini?" Akifika kwangu anasema kwa upole, "Mwalimu, wewe endelea tu," kisha ananiruka. Nikaona raha jamani. Nani anataka kuaibishwa na mtoto aliyemfundisha kushika penseli? Nikawa nabofya tu.

Mtihani wa kwanza nikafeli. Wa pili ukatangazwa: atakuja mtu kutoka nje ya chuo, atakaa na kila mmoja wetu kwenye kompyuta na kumuuliza kabla hajagusa kitu. Nikifeli tena, narudishwa nyumbani bila stashahada.

Kipindi kilichofuata akaniruka tena. Nikachemka.

"Wewe! Rudi hapa. Niulize kama wengine."

Akageuka. "Mwalimu, mimi siwezi..."

"Unaniheshimu mpaka unanizika! Uliza!"

Akavuta stuli, akakaa. "Nukta ikifika kileleni kabisa, mteremko utakuwa ngapi?"

Kilele si ndiyo juu? Nikataja namba kubwa. Nyuma mtu akaguna. Kijana akaangalia sakafu, anatafuta njia ya kuniokoa, nami nimemkazia macho asithubutu.

"Hapana," akasema. "Umekosea, mwalimu."

Masikio yaliniwaka. Nilitaka kuchukua mkoba wangu niondoke, haki ya Mungu.

"Rudia," akasema.

Nikashika kipanya. Nukta ikapanda, namba ikapungua, ikapungua, kileleni ikasoma sifuri. Nikaivusha upande wa pili, ikawa hasi. Lo! Kumbe pale juu hupandi wala hushuki. Nimezaliwa Gitting, mlima uko nyuma ya nyumba yetu, na sikuwahi kuliwaza hilo.

"Kwa nini?" akauliza. Hakuniruka tena hata siku moja.

Stashahada ninayo, iko ukutani. Lakini ninachokumbuka ni asubuhi ya mtihani, alivyosimama katikati ya mlango.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Chini kabisa bondeni, mteremko ni ngapi?"

"Sifuri."

"Kwa nini?"

Nikamweleza neno kwa neno, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akanipisha niingie.